Mifupa ya Baba Mkwe

Ukiniuliza macho ya baba mkwe wangu yalikuwaje, sijui, na nimeishi nyuma ya nyumba yake pale Kawetele miaka mingi kuliko niliyoishi kwa baba yangu mzazi kule Morogoro. Mgongo wake ninaujua. Ninaijua kofia yake ya sufu, kikohozi chake cha asubuhi, na namna alivyoliburuza buti la kushoto kwenye matope, shwaa, shwaa, mpaka ukajua anaelekea kwenye chai au kwenye migomba. Uso wake sikuwahi kuutazama. Mila ya Wanyakyusa wa zamani ndiyo hiyo: mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawagusani, hawaketi chumba kimoja, na jina lake hulitamki hata kama hayupo. Akitokea njiani, unaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Siku hizi wengi wameyaacha hayo, wanapeana mikono na kula meza moja. Yeye hakuacha. Ameshafariki, na jina lake bado halinitoki mdomoni, kwa hiyo hapa atabaki Baba Mkwe.

Sasa hebu fikiria. Kazi yangu mimi ni kupiga watu eksirei katika hospitali moja ya pale mjini Tukuyu. Nimeona mifupa ya watu wa Kinyala, wa Isongole, wa kila kona ya Rungwe: madereva wa bodaboda waliovunjika nyonga, akina mama walioteleza kwenye mashamba ya chai, watoto walioanguka kutoka kwenye miparachichi. Katika wilaya nzima kulikuwa na mtu mmoja tu niliyekatazwa kumtazama, na huyo ndiye mifupa yake ilikuwa inaliwa.

Usidhani hatukuzungumza. Tulizungumza sana, ila kupitia kwa mama mkwe. Yeye sebuleni, mimi jikoni, ukuta wa mbao katikati, kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri kabisa, bado maneno yalipaswa kupita kwa mama. "Mwambie Mama Neema chumvi imezidi." Mama mkwe anageuza shingo: "Mama Neema, baba anasema chumvi imezidi." "Mwambie baba nimesikia." "Anasema amesikia." Mama asipokuwepo, alizungumza na mbwa. Kweli tupu! Tulikuwa na mbwa mwekundu, mvivu, na ungemsikia mzee uani: "Wewe mbwa, mvua hiyo inakuja, na kuna nguo za watu zimeanikwa." Natoka mbio kuanua nguo, mbwa hata sikio hajainua. Mwanzoni nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilipofika habari ya mguu sikucheka tena.

Alisema "daktali" na "habali," kama wazee wengi wa kwetu huku, nami sitamwigiza, maana Kiswahili chake kilikuwa kizito na kizuri kuliko changu. Kanisani walimpenda kwa ajili hiyo. Alikuwa mzee wa kanisa, na si wa jina tu. Alipewa kazi ya kutembelea wagonjwa akaifanya kwa ukali. Jirani yetu mmoja alificha uvimbe wa titi. Baba Mkwe alikwenda akaketi kwenye kizingiti chake, mvua inanyesha, akasema haondoki mpaka mama yule avae viatu vya kwenda hospitali. Akavaa. "Mficha maradhi, kifo kitamuumbua," ndiyo iliyokuwa methali yake, na aliitoa kwa kila mgonjwa aliyemtembelea. Kwa wengine, lakini. Yeye mwenyewe haikumhusu.

Na hapo hapo mchungaji akihubiri kwamba mambo ya kukwepana wakwe ni ya giza, tuyaache, Baba Mkwe aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Ibada ikiisha akatoka kwa mlango wa mbele, mimi nikatoka kwa mlango wa pembeni. Mume wangu alimuuliza siku moja, baba, ile amina ilikuwa ya nini? Akajibu, "Mchungaji anajua Biblia. Mimi najua ukwe." Ndaga, asante, mazungumzo yamekwisha.

Ukoma aliugua ujanani, kabla mtu yeyote hajanijua Kawetele. Alimeza vidonge mpaka alipoambiwa basi, akapona. Ninasema akapona kwa mkazo kwa sababu watu hawasikii. Vijidudu vilikufa vyote, hakuweza kumwambukiza hata kuku. Ila ugonjwa ule, kabla haujatoka, huwa umeshapita kwenye mishipa ya fahamu, na mshipa uliokufa haufufuki. Mguu wake wa kushoto ulibaki na ganzi. Mtaani wanasema vidole vya mwenye ukoma hudondoka. Havidondoki, jamani. Mguu usiosikia unaumia, kidonda kinaingia, kinaozea ndani, na mfupa wenyewe unapungua taratibu mpaka kidole kinafupika. Yote hayo kwa kimya, bila mtu kulia, na kimya hicho ndicho kinachoniudhi kuliko ugonjwa.

Yeye ganzi aliihesabu kuwa baraka. "Miguu yenu inauma," alipenda kutuambia, "wangu haunisumbui." Siku moja alitembea kutoka sokoni Tukuyu mpaka nyumbani, msumari umetoboa soli ya buti na kuingia kisiginoni, na aliyegundua ni mama mkwe alipoona soksi haivuliki. Alicheka! Alilisimulia jambo lile kwa kila aliyepita njiani, kwa majivuno. Nani anajivunia msumari?

Halafu ule moto. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Tukuyu ile inayoingia mpaka kwenye meno. Alikuwa ameketi na mkewe kando ya mafiga, mimi niko upande wa pili wa ukuta namenya viazi. Nikasikia harufu. Naye akaisikia. "Nani huyo anachoma nyama bila kutukaribisha?" akauliza. Nyama yenyewe ilikuwa yake. Mguu wa kushoto ulikuwa umelalia kaa la moto, chini ya kidole gumba, na yeye anaota moto kwa raha zake. Mama mkwe akapiga yowe. Nikarukia mlango, na kabla sijaufungua nikamsikia yeye, sauti kavu kabisa: "Huyo asiingie!" Mguu unaungua, mtu anakumbuka ukwe. Niliketi chini nikalia kwa hasira, viazi mapajani.

Kidonda cha moto ule hakikupona. Alikifunga kitambaa, akavaa buti juu yake, akaenda shambani. "Mbombo ngafu," alisema, yaani kazi ni ngumu, msemo wa huku wa kila mtu anayeshika jembe, na ukimwambia apumzike aliurudia hivyo hivyo. Kitambaa kilitoka na maji, baadaye na usaha. Mama mkwe alikifua kisimani peke yake asubuhi kabla majirani hawajafika. Baba Mkwe alisema, "Kidonda kisichouma si kidonda." Mimi nikasema ukutani, kwa mara ya kwanza bila kupitia kwa mtu, "Kisichouma ndicho kibaya." Nikasikia anamwambia mbwa kuna watu siku hizi wanazungumza na mbao.

Sababu ya ukaidi wake nilikuja kuielewa nusu. Ujanani alikaa kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma, na huko, alimsimulia mume wangu, rafiki zake walikuwa wanaitwa asubuhi wakaoshwe vidonda, jioni wanarudi na magongo. Kwake yeye kuosha, kupima na kukata vilikuwa kitu kimoja. Dawa za kumeza hakukataa kamwe. Lakini ukitaja neno mfupa, alinyanyuka akaenda kuangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe wamelala.

Yupo daktari mmoja mpole anayezungukia kliniki za ukoma. Alifanikiwa kumwona mara moja tu, na hiyo ni baada ya mama mkwe kumdanganya kwamba anaitwa kuchukua viatu maalumu, vya bure. Viatu vilikuwepo kweli. Sista wa chumba cha vidonda ndiye aliyenieleza yaliyotokea. Daktari alikisafisha kidonda, akachukua kijiti cha chuma, butu, kisafi, akakiingiza polepole kwenye tundu. Hakuna kukata. Maumivu hakuna, mguu ule hausikii. Kijiti kikizama kwenye nyama laini, unamshukuru Mungu. Kikigota kwenye kitu kigumu, ujue kidonda kimefika mfupani. Kiligota, pale pale chini ya kidole gumba.

Daktari akamweleza bila haraka. Tupige eksirei tuone mfupa umeliwa kiasi gani. Ikibidi tutaingiza sindano kwa pembeni, kwenye ngozi nzima, tuchukue punje ndogo ya mfupa tujue ni kijidudu gani. Kisha dawa, tena za muda mrefu, pengine na kutoa kipande kilichokufa, na mguu wako unabaki nao. Picha, sindano, dawa. Mtoto wa chekechea angeelewa. Baba Mkwe alisikia neno moja. "Amesema mfupa," alimwambia mkewe wakiwa njiani, viatu vipya kwapani. "Sasa wanataka kunikata."

Eksirei, jamani! Kitu cha dakika chache, kwenye mashine ninayoiwasha mimi kila asubuhi! Mwenzangu wa kazi alikuwa masomoni, kwa hiyo hospitali nzima mpigaji nilikuwa mimi. Mume wangu akasema basi aende Mbeya. Baba Mkwe akasema Mbeya ndiko wanakokata. Na hapa Tukuyu? "Hapa yuko mkwe. Hajaniona uso, aone mifupa?" Mama mkwe akanigeukia kunipelekea maneno hayo, nami nilishayasikia yote na damu imeshachemka. Nikasema, "Mwambie baba, nisipoiona mimi, wataiona funza."

Mama mkwe aligoma. "Hilo silipeleki," akasema.

Halikuhitaji kupelekwa. Ule ukuta ni mbao.

Pengine neno hilo lilimwingia, kwa sababu viazi vya msimu ule vilipokuwa vinavunwa alituma masharti kupitia kwa mwanawe. Atakubali picha moja. Atakayemshika mguu na kuuweka mezani ni mkewe, hataki mhudumu, maana wahudumu wetu nusu yao wanaimba kwaya kanisani kwake. Mimi nikae mbali. Mume wangu akamweleza kwamba mpigaji eksirei lazima akae mbali hata hivyo, nyuma ya ukuta mnene unaozuia mionzi, anachungulia kwa kioo. Wanasema uso ulimng'aa. Jioni nikamsikia uani: "Wewe mbwa, kumbe kazi ya hospitali ina adabu." Kisha sharti la mwisho: kile kioo kifunikwe.

Nikakifunika. Nilitundika kanga yangu mwenyewe juu ya kioo cha chumba cha eksirei, nikasimama nyuma yake kama bi harusi, nikimwelekeza mama mkwe kwa sauti. Mama, mguu wa kushoto, ukanyage kile kibao. Vidole vielekee ukutani. Asitikisike. "Tayari," akasema mama mkwe, na sauti yake ilikuwa ndogo mno, ningepaswa kushtuka hapo. Nikapiga.

Picha ikatokea kwenye kompyuta. Vidole vitano, vimenyooka, kila kifundo mahali pake. Mguu wa kijana. Mtu aliyeugua ganzi tangu ujanani, aliyekanyaga misumari na moto, hana mguu kama ule. Alikuwa ameweka wa kulia.

"Mama, huu si wenyewe!" nikapiga kelele. Nyuma ya kanga nikasikia buti linavaliwa. "Mwambie picha imepigwa," akasema Baba Mkwe. "Tulikubaliana moja." Na shwaa, shwaa, akatoka. Nilipofika upande wa pili, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, amejifunika uso kwa upande wa kitenge. "Ungefanyaje wewe?" akaniuliza. "Ni mume wangu. Aliutoa ule wa kulia akanitazama."

Ungedhani ameishia hapo. Wapi! Alimtuma mwanawe aje kuichukua ile picha. Nikakataa. Mume wangu akasema mpe, atulie. Nikaandika juu yake kwa kalamu nene: MGUU WA KULIA, HAUNA KIDONDA. Baba Mkwe aliibandika kwenye dirisha la sebule ili mwanga upite, na kila mgeni alionyeshwa. "Mifupa yangu hiyo. Mizima. Mkwe wangu mwenyewe ndiye aliyeipiga, na mkwe wangu hakosei." Ndiyo mara pekee aliyonisifu katika maisha yangu pale, na alinisifu kwa uongo. Watu walikuja kunipongeza njiani. Mchungaji alinipongeza! Nikiwaeleza ni mguu usio wenyewe, walicheka, wakadhani natania. Mwandiko wangu ulikuwa umekunjwa nyuma ya fremu.

Daktari wa ukoma alipita tena, akatuma ujumbe, akatuma mwingine. Sista wa vidonda alitembea mpaka Kawetele kwa miguu akaambiwa mzee yuko shambani, na ni kweli alikuwa shambani. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nililala na kuamka na mfupa mmoja tu kichwani, ule wa chini ya kidole gumba, ambao ulikuwepo bado kijiti kilipougota, mgumu, unaotibika. Kila mvua iliyonyesha niliwaza: leo umebaki kiasi gani? Nilikuwa nikipika nyuma ya ukuta ule ule, nasikia lile buti linavyozidi kuburuzika, na sina la kufanya.

Mvua za masika zilipokolea, mama mkwe alikwenda msibani Isongole, mume wangu yuko Mbeya kikazi. Nikiwa kazini asubuhi, sista wa vidonda akasukuma mlango. "Baba mkwe wako yuko nje. Kaja na bodaboda, anatetemeka homa." Nikageukia ukutani, mwili umeshazoea. Nikasikia buti, polepole, mpaka ndani. Sista akaitwa chumba cha pili akaondoka. Tukabaki wawili.

Alisubiri mtu wa kupitishia maneno. Hakutokea.

"Mwanangu," akasema mwishowe. "Uuweke wewe."

Nikapiga magoti, macho chini. Nikamvua buti, nikamvua soksi iliyogandamana, na vundo likatufikia wote wawili. Mguu ulikuwa wa moto mpaka kwenye kifundo, mwekundu, umevimba, vidole vifupi kama penseli zilizochongwa mpaka mwisho. Niliushika kwa mikono yangu yote miwili. Haukujua kwamba umeshikwa. Na sentensi ya kwanza niliyowahi kumwambia baba mkwe wangu bila ukuta katikati ilinitoka kwa ugomvi.

"Kwa nini mwaka jana ulinipa ule mwingine?"

Akavuta pumzi. "Ule ndio niliotaka unijue nao."

Nilikuwa na hasira naye, nikawa na huruma naye, na hasira haikuondoka. Nikauweka mguu mahali pake, nikaenda nyuma ya ukuta, nikapiga. Picha ilipotokea nilijua kabla ya daktari yeyote kwamba hakuna sindano wala dawa ya kuuokoa, kwamba watakata, na hawatakata kidole. Walikuja kukata chini ya goti.

"Nione," akasema.

Nikaigeuza kompyuta. Akaja kwa mguu mmoja, ameshika meza, akasimama kando yangu, bega kwa bega, wote tukitazama upande mmoja. Hakuwa amewahi kusimama karibu yangu hivyo. Akanyoosha kidole chake kwenye kioo, akaanza kisiginoni, akapanda polepole, mfupa kwa mfupa, akitaka kuambiwa huu ni upi na huu ni upi. Nikamtajia. Akafika chini ya kidole gumba, kidole chake kikasimama pale penye giza.

"Na wa hapa? Uko wapi?"

"Mwaka jana ulikuwepo, baba."